Zima Redio Usikie Breki

Ukinunua Toyota IST, Vitz au Premio iliyotoka bandarini juzi, wa kwanza kukusalimu ukiiwasha ni mwanamke anayesema Kijapani. Madereva wengi wa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala wameishi na sauti hiyo kwa miaka bila kujua inataka nini. Inasema kadi haijaingizwa. Kadi yenyewe ni ya kulipia barabara za kasi za Japani, mfumo ulioenezwa nchini humo kuanzia mwaka 2001, na kifaa chake hufichwa chini ya dashibodi au ndani ya kisanduku kilicho mbele ya abiria. Huku kwetu hakina kazi. Fundi umeme akichomoa soketi yake, mama ananyamaza na gari halipungukiwi na chochote.

Nimeanza na redio na sauti zake kwa makusudi. Vitabu vya magari huiweka redio kwenye starehe, betri kwenye umeme na breki kwenye usalama, kila kimoja na sura yake. Kwenye magari yetu ya mtumba vitu hivi haviko mbalimbali hivyo. Redio inakula betri, waya wa redio unapita jirani na waya wa hendibreki, na muziki mkubwa unaziba mlio ambao breki imetengenezewa ili ikuonye. Ndiyo maana hapa nimeviweka pamoja.

Tuanze na lile linalowaudhi wengi: stesheni hazishiki. Redio nzima, antena nzima, lakini ukizungusha inaishia 90 na kurudi mwanzo. Hakuna kilichoharibika. Japani iliipa FM masafa ya 76 hadi 90 MHz, na juu ya hapo zikawa chaneli za televisheni. Ni baada ya televisheni ya analojia kuzimwa huko, mwaka 2011 na 2012, ndipo FM yao iliposogezwa hadi 95. Sisi Afrika Mashariki tunatumia 87.5 hadi 108. Kwa hiyo redio ya zamani ya Kijapani na stesheni zetu hukutana kwenye kipande chembamba tu, kati ya 87.5 na 90, na kila kilicho juu ya hapo hakisikiki.

Dawa ya bei nafuu ni ekspanda, kiboksi kidogo kinachofungwa kati ya waya wa antena na redio. Kazi yake ni kuyashusha masafa. Ukifunga ekspanda ya kushusha 14, Capital FM ya Nairobi, iliyoko 98.4, utaipata kwenye 84.4 ya redio yako. Inafanya kazi, ila ujue unachokipoteza: chochote kilicho juu ya 104 bado hakifikiki, stesheni za chini ya 90 ulizokuwa ukizisikia zinaweza kupotea au kuingiliana na nyingine, na namba unayoiona kwenye kioo haitakuwa ile inayotangazwa. Kabla ya kulipa, muulize fundi ekspanda yake inashusha ngapi, kisha piga hesabu ya stesheni unazozipenda. Hakikisha pia anaipa umeme kutoka kwenye waya unaozimika pamoja na ufunguo.

Wengine huamua kung'oa redio ya Kijapani na kufunga mpya. Kama mfuko unaruhusu, ni uamuzi mzuri, kwa sababu televisheni iliyomo kwenye zile redio nayo haitashika matangazo yetu ya dijitali. Mfumo wa Japani ni mwingine. Lakini kama redio yako ya zamani ina kadi ndogo ya ramani, usiitoe hata kidogo. Redio nyingi za Toyota zenye ramani zimewekewa kinga dhidi ya wizi. Betri ikitolewa na kurudishwa, redio huitafuta kadi yake. Isipoiona hujifunga, na kuifungua kunahitaji namba ya siri inayotokana na namba ya redio hiyo. Mwenye gari anabadilisha betri asubuhi, mchana amekaa kimya kwenye foleni ya Ubungo akiitazama skrini yenye maandishi asiyoyajua. Fundi anayejua kazi yake huunganisha betri ya pembeni kwanza ili umeme usikatike, ndipo anaitoa iliyochoka. Muombe afanye hivyo, naye awe mwangalifu, maana nyaya zinabaki na umeme muda wote na ncha ya chanya ikigusa bodi italipua fyuzi.

Flashi ikikataa kusomwa, mara nyingi haijafa. Redio nyingi za gari husoma flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 tu, na flashi kubwa za GB 64 kwenda juu huja dukani zikiwa na mpangilio mwingine. Ipange upya kwenye kompyuta, weka nyimbo za MP3, itasoma. Na ukisikia spika inakwaruza, usikimbilie kununua nne. Ingia kwenye menyu ya sauti, ipeleke sauti yote mbele, kisha yote nyuma, kisha kushoto, kisha kulia. Mbovu itajitaja yenyewe.

Sasa nyaya, na hapa ndipo betri inapoingia. Redio mpya zinazouzwa madukani huja na waya wa njano, mwekundu na mweusi. Wa njano unadai umeme saa zote, kwa ajili ya kutunza saa na stesheni ulizohifadhi. Mwekundu unapaswa kupata umeme ufunguo ukiwa kwenye ACC au ON tu. Ndio unaoiambia redio iamke na ilale. Mweusi unakwenda kwenye bodi. Fundi mwenye haraka huusokota wa njano na mwekundu pamoja na kuzipa nyaya hizo umeme wa moja kwa moja. Redio inaimba hata bila ufunguo, mteja anafurahi, fundi analipwa. Tangu siku hiyo redio hailali. Hata ukiizima kwa kitufe, inaendelea kunyonya kidogo kidogo usiku kucha, na mwenye gari anaishia kulaumu betri, kununua mpya, kisha kulaumu na hiyo mpya.

Hesabu yake ni rahisi. Gari lililozimwa kwa kawaida hutumia umeme mdogo sana, chini ya ampea 0.05, wa saa, alamu na kompyuta. Betri ya ampea-saa 45 iliyojaa inaweza kuvumilia hivyo zaidi ya wiki mbili kabla ya kufika nusu. Kifaa kisicholala kikivuta ampea 1 tu, nusu hiyo inaisha ndani ya siku moja. Kusikiliza redio injini ikiwa imezimwa nako kuna gharama. Ikivuta ampea 4, saa tano zinaondoka na ampea-saa 20, na betri iliyozeeka haina hata hizo za kutoa. Kumbuka kwamba stata ya injini ndogo huhitaji zaidi ya ampea 100 kwa mkupuo mmoja. Ukienda ufukweni Kigamboni na kucheza muziki mchana kutwa, washa injini kila baada ya muda, au egesha mahali ambapo kuna mwenzako mwenye nyaya za kubusti.

Anayefunga amplifaya na spika kubwa za besi ajue anahama kutoka ampea chache kwenda makumi. Waya wake uwe mnene, utoke kwenye betri yenyewe, na uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, kabla haujapenya ukuta wa injini. Fyuzi iliyo mwishoni mwa waya inailinda amplifaya, hailindi gari. Waya ukichubuka katikati ukagusa chuma, ni moto. Na popote fyuzi inapoungua, iwe ya redio au ya taa, weka nyingine ya namba ileile. Kuifunga kwa waya wa shaba au karatasi ya pakiti ya sigara ni kuondoa kinga pekee iliyokuwepo.

Betri yenyewe imebadilika kidogo mno tangu Mfaransa Gaston Planté alipoibuni mwaka 1859: risasi na asidi. Ya gari ndogo ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2 na ushei, na zikijumlishwa betri iliyojaa na kupumzika inasoma takriban volti 12.6. Ukiona 12.2, imebaki na kama nusu. Injini ikinguruma, altaneta inapaswa kuipandisha hadi kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Mita ya kupimia haina bei kubwa, na kwa maoni yangu ni kifaa cha kwanza ambacho mwenye gari anapaswa kumiliki kabla hata ya jeki ya pili. Kwa mita unajua kama mgonjwa ni betri au altaneta, na hakuna mtu wa kukuuzia usichokihitaji.

Adui mkubwa wa betri ukanda wetu wa pwani ni joto. Joto huharakisha kukauka kwa maji na kutu ya sahani za ndani, ndiyo maana betri ya Tanga au Lamu huwa na maisha mafupi kuliko ya Njombe. Kama yako ni ile ya kufunguliwa vifuniko, tazama maji mara kwa mara. Sahani zisibaki wazi. Ongeza maji ya betri yaliyosafishwa, kamwe usiongeze asidi, kwa sababu kinachopotea kwa joto na kuchaji ni maji, asidi inabaki. Maji ya bomba yana chumvi zinazoharibu sahani. Wale wenye betri kavu hawana vifuniko vya kufungua, lakini vichwa vyake vinaota ungaunga uleule mweupe au wa kijani. Uoshe kwa maji ya moto yenye magadi ya kuokea, sugua kwa brashi, kausha, kaza, paka grisi nyembamba. Ukifungua, anza na hasi. Ukifunga, hasi iwe ya mwisho. Kwa utaratibu huo, spana ikigusa bodi wakati unalegeza chanya hakuna cheche.

Kubusti nako kuna mpangilio wake. Chanya ya betri nzima iende kwenye chanya ya betri iliyokufa. Hasi ya nzima isiende kwenye hasi ya iliyokufa; ibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka, na cheche ya mwisho huruka pale unapobana waya wa mwisho. Watu wameumia macho kwa kupuuza jambo hili. Sigara iwe mbali.

Unaponunua mpya, soma maandishi ya ile ya zamani. Zile zenye namba za Kijapani kama 46B24L zinakueleza uwezo, ukubwa wa boksi, urefu wa sentimita 24, na herufi ya mwisho inaonyesha vichwa vimekaa upande gani. Ukikosea herufi hiyo, nyaya hazitafika. Na ile iliyokufa usiiache nyuma ya nyumba wala usimpe mtu wa kuiyeyusha uani. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walijua risasi inafanya nini baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kujengwa ubavuni mwao. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao baada ya mwanawe mwenyewe kuugua, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru jamii hiyo ilipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, kesi ikaendelea kupanda hadi Mahakama ya Juu. Muuzaji wa betri mpya mara nyingi huichukua ya zamani na kukupunguzia bei. Mrudishie.

Turudi kwenye redio mara moja, kwa sababu ndiyo inayotuvusha kwenda kwenye breki. Redio zenye skrini huja na waya mwingine, wa hendibreki. Mtengenezaji ameuweka ili video ionekane hendibreki ikiwa imevutwa tu, yaani gari likiwa limesimama. Wateja wengi wanaomba kizuizi hicho kiondolewe, na mafundi wanakiondoa. Mimi napinga, na nina sababu mbili. Ya kwanza kila mtu anaijua: macho ya dereva hayawezi kuwa kwenye klipu na kwenye bodaboda kwa pamoja. Ya pili ni ya kifundi. Kwenye Toyota nyingi, taa moja nyekundu ya breki kwenye dashibodi huwaka kwa mambo mawili: hendibreki ikivutwa, na mafuta ya breki yakipungua kwenye kopo lake. Fundi akiugusa vibaya waya huo wa gari, taa inabaki inawaka siku zote au haiwaki kabisa. Ikiwaka siku zote, dereva anaizoea, au anamwambia fundi atoe balbu. Siku mafuta ya breki yanapovuja, hakuna wa kumwambia. Jaribu leo: washa gari, vuta hendibreki, taa iwake, shusha, izimike. Kama haifanyi hivyo na redio ilibadilishwa, anzia hapo kutafuta.

Kwenye pedi nyingi za breki za mbele kuna kibati kidogo cha chuma. Pedi mpya ina unene wa takriban milimita 10 au zaidi. Ikilika hadi kubaki kama milimita 2 au 3, kibati kinaanza kuisugua diski na kutoa mlio mwembamba, mkali, unaosikika zaidi mwendo ukiwa mdogo. Hauko pale kwa bahati mbaya. Ni taarifa, na inatolewa mapema wakati kinachohitajika ni pedi tu. Ukiikosa, mlio unakuja kuwa mkwaruzo mzito, chuma kwa chuma, na sasa unanunua na diski. Dereva anayeishi ndani ya besi kuanzia Mbagala hadi Posta hausikii mlio wa kwanza. Kwa hiyo jiwekee kawaida: mara moja kwa wiki, kwenye barabara tulivu, zima redio, shusha vioo, pita karibu na ukuta, kanyaga breki taratibu. Ukuta unakurudishia sauti. Sikiliza pia kama usukani unatetemeka au gari linavuta upande mmoja.

Kopo la mafuta ya breki lina alama ya juu na ya chini. Mafuta yakishuka pole pole, kwa kawaida pedi zimelika. Ukiyajaza bila kuangalia pedi unaficha tatizo. Yakishuka ghafla, yanavuja mahali, na gari halipaswi kuondoka. Usitie mafuta ya injini wala ya usukani kwenye kopo hilo hata kwa dharura. Mafuta ya aina hiyo huvimbisha mipira ya ndani ya breki, na baada ya hapo mfumo mzima unahitaji kufumuliwa. Tia yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo, DOT 3 au DOT 4.

Kitu ambacho wengi hawakitilii maanani ni kwamba mafuta haya hufyonza unyevu wa hewa, na hewa ya pwani yetu ina unyevu mwingi. DOT 3 mpya haichemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishafyonza maji, kiwango hicho kinaruhusiwa kushuka hadi 140. Kwa DOT 4 ni 230 na 155. Mjini Dar es Salaam tofauti hiyo huioni. Unaiona kwenye mteremko wa Kitonga. Gari la kilo 1,200 likishuka mwinuko wa mita 400 kwa breki peke yake, nguvu inayogeuzwa joto inatosha kuchemsha lita 15 hivi za maji baridi, na joto hilo lote linapita kwenye diski na ngoma za magurudumu manne. Mafuta ya zamani yanachemka, yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Mguu unazama hadi sakafuni na gari haliitiki.

Ndiyo maana mtu huingia Kitonga, Sekenke, Salgaa au mteremko wa Lushoto kwenda Mombo akiwa tayari kwenye gia nzito, kabla mteremko haujamshika. Kwa gari la gia za mkono ni namba 2 au 3 kadiri ya mteremko. Kwa la otomatiki shusha hadi L, 2 au B, kulingana na gari lako. Injini ndiyo ishike mwendo, breki ipunguze kwa mikupuo mifupi na kuachiwa ipoe. Kushuka na gia huru ili kuokoa mafuta ni kosa mara mbili: injini za petroli za siku hizi hukata mafuta zenyewe zinaposukumwa na mteremko zikiwa kwenye gia, lakini zikiwa huru huendelea kuyachoma. Na anayezima injini kabisa anapoteza kile kisaidizi cha breki kinachotegemea mvuto wa hewa wa injini. Atakanyaga mara mbili au tatu kirahisi, kisha pedali inakuwa ngumu.

Ikitokea pedali imelegea mteremkoni, ipige haraka haraka, punguza gia zaidi, vuta hendibreki kidogo kidogo huku ukitafuta pa kusimama. Ukishasimama, acha zipoe zenyewe. Kumwagia maji diski iliyoiva kunaipinda au kuipasua.

Mafuta ya breki yabadilishwe yote kila baada ya miaka 2, hata kama hujasafiri mbali. Gari lililokuja kutoka Japani lina yale liliyokuja nayo mpaka mtu ayatoe. Kama hukumbuki yako yalibadilishwa lini, lipeleke gereji wiki hii, simama pale fundi anapoyatoa, na hakikisha chupa mpya inafunguliwa mbele yako.